Barua ya wazi kwa msimamizi wa utabiri wa hali ya hewa wa kanda yetu: wingu mnaliona, mbona hamsemi?

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Uporoto. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha ofisi ya kata hazijajibiwa.

Jumanne alasiri tumepigwa na mvua ya mawe. Viazi vilikuwa vimeanza kutoa maua. Sasa yamebaki mashina yaliyochunwa, majani yamesagika kwenye tope. Mbolea ile ni ya mkopo, Mheshimiwa. Radi nayo ikaua ng'ombe wa jirani waliojikinga chini ya mti wa mlingoti. Utabiri wenu wa asubuhi, tunashukuru sana, ulisema "mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo". Basi baadhi ndiyo sisi.

Tafadhali usiseme mvua hizi huja bila taarifa. Kwenye semina pale Uyole mtaalamu wenu alituonyesha picha za Meteosat, setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, zinazoshushwa kila dakika 15, usiku na mchana. Ile mpya iliyorushwa Desemba 2022 hupiga kila dakika 10, tena ina kifaa cha kunasa mimweko ya radi. Alieleza vizuri hadi bibi yangu angeelewa: wingu likipanda, kilele chake kinapoa, na picha za infraredi zinaonyesha ubaridi huo. Kikipoa haraka na kuchomoza juu ya mawingu mengine, kaa chonjo.

Siku hiyo mliandika namba zetu kwenye daftari, mkaahidi ujumbe wa simu. Tangu hapo nimeletewa ujumbe wa kubeti, wa mikopo, hata wa mganga wa nyota. Wenu bado. Huku wanasema bando la ofisi limekwisha. Mimi nahisi ujumbe unasubiri sahihi ya mkubwa, na mkubwa yuko kikaoni.

Sikuombi uniambie jiwe litaangukia tuta lipi. Setilaiti haiwezi, najua. Wala viazi nisingeviokoa, havibebeki. Naomba nusu saa tu: walimu wasiwaachie watoto watoke, wachungaji watoe mifugo chini ya miti, anayelima kilimani ashuke. Nusu saa, Mheshimiwa. Hata dakika 20 tutapokea.

Namba yangu ni ile ile iliyomo kwenye daftari lenu.

Mkulima wa viazi,
Uporoto, Mbeya