Rehema, hayo mafuta usiyanywe

Shoga yangu Rehema,

Salamu kwanza, sisi huku wazima, na kuhusu ukimya wangu tutagombana siku nyingine. Zuhura kaniambia eti kila usiku unatia kwenye chai matone ya mafuta ya vetiva, yale majani yenye mizizi inayonukia, ili upate usingizi. Kweli hayo? Kama ni kweli, acha leo hii.

Najua wazo hilo ulikolitoa. Umesikia Wahindi wanakunywa vetiva tangu enzi, ukaona na wewe usibaki nyuma. Wenzako hutumbukiza mizizi mikavu kwenye mtungi, maji yakanukia na kuburudisha. Mizizi hiyohiyo, wao huiita khus, huisuka mapazia wakayatundika mlangoni wakati wa joto na kuyarushia maji. Upepo ukipita hapo unaingia ndani umepoa, unanukia udongo uliopata mvua ya kwanza. Raha kwelikweli. Lakini wewe una mafuta, huna mizizi! Mizizi hukaa kwenye mvuke saa nyingi, pengine kutwa kucha, na kilo 100 zikatoa mafuta kilo chache tu. Sasa hebu fikiria unachokimimina kwenye kikombe.

Sikatai kwamba yanatuliza. Nami ninayo, na harufu yake naipenda kwa sababu haina papara: ukiipaka jioni, asubuhi bado ipo shukani. Watengeneza manukato huyatumia kwa hilohilo, kuzishikilia zile harufu nyepesi zisipeperuke. Ila utafiti mwingi wa huko kutuliza umefanywa kwa panya, kwa hiyo anayekwambia yanatibu kukosa usingizi anakuuzia chupa.

Unataka kuyatumia? Matone 6 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi, ujipake shingoni na nyayoni. Kwanza jaribu kidogo ndani ya kiwiko usubiri mpaka kesho. Pakiwasha au pakiwa pekundu, basi tena. Au dondoshea tone kwenye kitambaa ukiweke kando ya mto. Juu ya mto wenyewe hapana, yanaacha doa la kahawia halitoki, muulize Mwalimu kuhusu ile kanzu yake.

Ila kunywa, hapana. Narudia tena maana nakujua. Na yale ya kazini, ambayo sitayaandika hapa, ndiyo yanayokukesha, na hayo hayana tone... tutazungumza.

Haya nijibu. Umekunywa tangu lini? Tumbo halikusumbui? Vidonge alivyokuandikia daktari unameza, au umeviweka kando kwa sababu ya hiyo chupa? Lebo inasema Chrysopogon zizanioides, lile jina la kitaalamu la vetiva, au wameandika manukato tu? Ipige picha unitumie. Na mama anajua kwamba hulali, au na yeye nimfiche?

Wako,
Asha