Kwa nini dukani kwetu hakuna kamera ya megapikseli 48 ya bei chee

Wiki hii tena mteja ametuonyesha kwenye simu kamera ya mfukoni ya megapikseli 48 (yaani picha ya nukta milioni 48), bei robo ya ile tuliyomtajia. Akasema wenye maduka Arusha tunawapiga watu bei za watalii. Neno hilo linatuuma, na tumelisikia mara nyingi mno kulinyamazia.

Kamera ya bei ile kwa kawaida ina sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), upana wake milimita 6 na kidogo au hata chini ya hapo. Megapikseli zile nyingi ni za kujazwa na programu baada ya picha kupigwa. Sony RX100 iliyotoka 2012 ina megapikseli 20 tu, lakini sensa yake ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo kama mara nne ya ile ndogo au zaidi. Mchana wa jua kali huenda usione tofauti. Ingia ukumbini usiku kwenye sendofu uone nyuso zilivyojaa chenga.

Dereva mmoja wa watalii alitukimbia kwa sababu ya bei, akaagiza ya mtandaoni, akashuka nayo kreta ya Ngorongoro. Simba alikuwa mbali. Zumu ya kamera hiyo, yaani kuvuta kitu cha mbali, ilikuwa ya kukata picha na kuikuza, si ya lenzi, na simba akatoka doa la kahawia. Alirudi kununua Panasonic TZ100, ambayo lenzi yenyewe inavuta mara 10. Kalipa mara mbili. Huyo huyo angetaka Ricoh GR III tungemkatalia: sensa yake ni kubwa kuliko hizo zote, ila haina zumu ya lenzi, haimfai mtu wa porini.

Wengine wanakimbilia used za mkononi. Jamani, vumbi la Tarangire! Lenzi ya kutoka na kuingia hulivuta ndani, siku moja inagoma kufunga, na kuifungua kwa fundi ni gharama. Sisi kila used tunaipigia picha ya ukuta mweupe, tundu la lenzi likiwa dogo kabisa, madoa ya vumbi yaonekane, na tunaitoa lenzi na kuirudisha mpaka turidhike. Kazi hiyo imo kwenye bei, na hatuoni aibu kuitoza.

Anayepanda Kilimanjaro achukue betri ya pili, alale nazo ndani ya slipingibegi, maana baridi huzimaliza upesi.

Bado una shaka? Njoo na kamera yako ya bei chee. Tutapunguza taa, upige kwa hiyo yako na kwa yetu, uzikuze picha kwenye kompyuta kabla hujatoa hata shilingi.