Si kufuta, ni kudhuru

Mhariri,

Kurasa zenu za sayansi nimezisoma miaka mingi bila kunung'unika, lakini ile habari ya mabadiliko ya jeni imenishinda. Mmeandika "mabadiliko ya kufuta" mara nne, kisha mara ya tano yakawa "mabadiliko ya kuua". Neno la Kiingereza lililokuwa mbele ya mwandishi wenu ni "deleterious", na maana yake si hii wala ile. Ni yenye madhara, basi.

Kosa la kwanza najua lilikotoka: jicho limeona "delete", mkono ukaandika kufuta. Maneno hayo yamefanana sura tu. "Delete" asili yake ni Kilatini. "Deleterious" asili yake ni Kigiriki, kutoka neno la kudhuru, nalo liliingia Kiingereza karne ya 17. Lebo moja ya dawa ya magugu iliyopita mezani kwangu ilisema dawa hiyo "hufuta samaki". Anayeosha pampu yake kando ya mto aelewe nini hapo?

Kwenye jeni, balaa ni kubwa zaidi, kwa sababu kufutika kwa kipande cha DNA, ile kemikali inayobeba jeni, ni jambo halisi lenye jina lake, na si lazima lidhuru. Kwa hiyo msomaji anayejua fani mmempeleka kusiko. Badiliko lenye madhara ni lile linalompunguzia kiumbe uwezo wa kuishi au kuzaa, hata kwa kiasi kidogo sana. La kuua ni daraja la mwisho tu. Chukueni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Herufi moja ya DNA katika jeni ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, A, inakuwa T, na katika protini hiyo, pale kilipokuwa kijenzi kiitwacho asidi ya glutamiki kinakaa kingine, valini. Hakuna kilichofutwa, herufi imebadilishwa! Aliyerithi nakala mbili za namna hiyo anaugua. Mwenye moja kwa kawaida haugui, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana badiliko hilo limedumu vizazi na vizazi. Kuliita "la kuua" tu, kama mlivyoandika, ni kumsahau huyo mwenye nakala moja.

Na mkiwa hapo hapo, acheni "athari hasi". Athari ni alama au matokeo, mazuri au mabaya. Yakiwa mabaya tunayo madhara, neno zima lisilohitaji kivumishi. Hasi iacheni kwenye hesabu na umeme. Mfugaji akisikia hasi anafikiria fahali wake.

Dawa ni hii: mhariri wa zamu akikutana na "deleterious", aandike "yenye madhara kwa", kisha amlazimishe mwandishi kujaza ni kwa nani na kwa kiasi gani. Akishindwa kujaza, habari haijaiva. Masahihisho nayo yatoke ukurasa uleule wa sayansi, msiyafiche chini ya chemsha bongo.

Msomaji wenu wa siku nyingi