Barua ya wazi kwa wazazi na wajomba wa vijana wa besiboli

Ndugu zangu wazazi, wajomba, baba wadogo na mashangazi mliohamia Marekani, na watoto wenu wakaupenda mchezo wa besiboli,

Nawasalimu wote. Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Julai iliyopita nilialikwa nyumbani kwa jamaa kusubiri drafti, pale klabu 30 za ligi kuu zinapochagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi. Pilau ilipikwa, ndugu walijaa hadi kwenye ngazi. Mjomba mmoja alikuwa ameshanunua kofia za klabu tatu, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ameshatangaza kwamba nyumba ya bibi itaezekwa upya. Siku ya mwisho majina husomwa harakaharaka, moja baada ya jingine, bila mbwembwe. Raundi ya 20, ya mwisho, ikaisha. Jina la kijana halikusomwa. Baba yake akainuka, akafunga kompyuta, akamwambia mbele ya wageni: "Umetuaibisha."

Kamwaibisha nani? Mtoto ana miaka 18, kamaliza shule, ana nafasi chuoni, hajamkosea mtu. Aibu ni yetu watu wazima tuliokaa kugawana nyama ya swala ambaye bado yuko porini.

Niwasimulie habari za David Clyde. Mwaka 1973 klabu ya Texas Rangers ilimchagua wa kwanza nchi nzima, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) wa mkono wa kushoto aliyetoka tu sekondari huko Houston. Timu ilikuwa mbovu na viti vya uwanja vitupu. Mwenye timu, Bob Short, akaona biashara. Tarehe 27 Juni, kijana ambaye mwezi uliopita alikuwa mwanafunzi akasimamishwa mbele ya watu zaidi ya 35,000. Akashinda. Makubaliano yalikuwa arushe mechi mbili, kisha apelekwe ligi ndogo akakomae taratibu. Lakini tiketi zilikuwa zinauzwa, basi wakambakiza. Bega likaja kuharibika. Mwaka 1979, akiwa na miaka 24, alicheza ligi kuu kwa mara ya mwisho. Alikuwa ameshinda mechi 18 na kupoteza 33.

Nawauliza wazazi: katika wote waliompigia makofi usiku ule, nani alikuwa na kazi ya kusema "mtoto huyu apumzike"? Hiyo ndiyo kazi yenu. Mwongozo wa besiboli yenyewe unasema kijana wa miaka 17 au 18 asirushe zaidi ya mara 105 kwa siku, na kila mwaka apumzike kurusha kwenye mashindano kwa miezi minne, ikiwemo miwili au mitatu mfululizo bila kurusha kabisa. Nyinyi mnawasajili kwenye timu za kusafiri masika, kiangazi na vuli, na majira ya baridi mnawalipia mwalimu wa ndani ya jengo. Kiwiko kikianza kuuma mnasema ni uvivu. Nimemwona mama akimkanda mwanawe mkono kwa maji moto saa tano usiku, na asubuhi baba anampakia kwenye gari kwenda mashindano mengine, mwendo wa saa nne barabarani, kwa sababu kuna msaka vipaji atakayekuwepo na kile kifaa cha kupimia kasi ya mpira. Kwa kijana anayekua, maumivu ya kiwiko si uvivu. Mpelekeni kwa daktari.

Mnayemtaja sana ni Albert Pujols, kwa kuwa naye alikuwa mhamiaji. Mtajeni vizuri basi. Alitoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana, akasoma Missouri, na mwaka 1999 majina 401 yalisomwa kabla ya lake, raundi ya 13. Klabu ya St. Louis Cardinals ikampa ofa ya dola 10,000. Familia haikuwa na kitu, lakini akakataa. Akaenda kucheza ligi ya kiangazi, akaonyesha anachoweza, ndipo wakapandisha hadi karibu dola 60,000. Mwaka 2001 alikuwa ligi kuu, na alipostaafu alikuwa amepiga mipira 703 ikavuka uzio. Aliweza kukataa kwa sababu hakuna mjomba aliyekuwa ameshazitumia zile 10,000.

Yako mengine nitayataja kwa ufupi. Kijana akichaguliwa, haki zake zinashikwa na klabu moja tu, hawezi kwenda kupatana na nyingine. Asipochaguliwa, anaruhusiwa kuzungumza na klabu yoyote. Akienda chuo cha miaka minne anaweza kuchaguliwa tena baada ya mwaka wa tatu au akifika miaka 21. Akienda chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, mwaka wowote. Akisaini akitoka sekondari, daini klabu iandike ada ya chuo ndani ya mkataba. Fedha si fedha mpaka vipimo vya daktari vipite: Brady Aiken alichaguliwa wa kwanza na Houston Astros mwaka 2014, madaktari wa klabu wakatilia shaka kiwiko chake, klabu ikashusha ofa, na hakusaini kabisa. Na nyinyi jamaa wa Kampala mnaotuma ujumbe kuuliza kuhusu drafti, vijana wa Uganda waliosajiliwa na klabu za Dodgers na Pirates hawakuipitia. Hii ni ya wanaoishi na kusoma Marekani, Kanada na Puerto Rico.

Siwalaumu nyinyi peke yenu. Mchezo huu umejengwa juu ya vijana wa bei rahisi. Mpaka juzi, aliyeanzia ngazi ya chini kabisa ya ligi ndogo alilipwa kama dola 4,800 kwa mwaka. Ilibidi wachezaji waingie kwenye chama chao mwaka 2022 ndipo mwaka uliofuata ikawa dola 19,800. Na hiyo ni kwa mtu anayeamka alfajiri, analala ndani ya basi, na nyumbani anaitwa tajiri. Mkimpigia simu kila wiki kuomba, atakopa ili asiwaangushe. Mnajua kwamba atakopa.

Sasa niseme na wewe, mwanangu ambaye jina lako halikusomwa. Mwaka 2016 watu wawili waliingia pamoja kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli. Ken Griffey Jr. alichaguliwa wa kwanza mwaka 1987. Mike Piazza, mwaka uliofuata, alichaguliwa wa 1,390, raundi ya 62, tena kwa hisani, kwa kuwa kocha wa Dodgers alifahamiana na baba yake. Sikuahidi kwamba utakuwa Piazza. Siku hizi raundi zenyewe ni 20 tu. Nakwambia hivi ili ujue kwamba waliokaa na orodha zao hukosea. Kula chakula chako. Lala. Usiguse mpira mpaka kiwiko kiache kuuma.

Na wewe baba, umwombe radhi mbele ya walewale waliokusikia, si chumbani kwa siri. Chuo kinafunguliwa Agosti. Kuna vitabu, kuna godoro, kuna nauli ya basi, kuna koti la baridi. Kundi la WhatsApp bado lipo, na mjomba wa kofia tatu awe wa kwanza kuandika atachanga kiasi gani.