Salamu za Noeli na Mwaka Mpya kwa wazazi, wanafunzi na wapenzi wa ngoma wa Masasi

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, wanafunzi wangu mlioko hapa Masasi, na ninyi mliotawanyika Mtwara, Lindi na Dar es Salaam mkitafuta riziki, nawasalimu nyote kwa jina la Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu. Ndugu zetu Waislamu, ambao pilau yetu ya Noeli huwa haijakamilika mpaka mfike, nanyi pokeeni salamu hizi kwa moyo uleule tuliopokea za kwenu siku ya Idd. Ni desturi ya kikundi chetu kwamba mwalimu huandika neno la kufunga mwaka, nami naliandika kwa ajili ya desturi hiyo, na pia kwa sababu liko jambo nililolibeba tangu masika na sijapata mahali pa kulitua.

Mwaka haukuwa mwepesi. Korosho zimekwenda mnadani na wengi wenu bado mnasubiri fedha ziingie benki. Sisi watu wa kusini, tangu msimu ule wa 2018 minada ilipokwama na jeshi likaagizwa kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tumejifunza kutoshona nguo za sikukuu kwa hesabu ya mzigo ulioko ghalani. Mchele, sukari na mafuta ya kupikia vimepanda, nauli ya kutoka Dar es Salaam imewafungia huko watoto wetu ambao tulitarajia kuwaona mezani, na hata ngozi ya kuwambia ngoma, ambayo zamani mchinjaji alitupa bure ili tumwondolee harufu, siku hizi tunauziwa. Najua nyumba ambazo mwaka huu zitasherehekea kwa ugali wa muhogo na kunde. Mungu aliyezaliwa zizini anazijua pia.

Hata hivyo, bei hupanda na kushuka, na aliyekosa pilau mwaka huu huenda akaila mwakani. Tuliyemzika wakati wa masika harudi. Mzee wetu mpiga ngoma, ambaye nyote mlimwita Babu, hata wale mliolingana naye umri, hakusoma chuo chochote wala hakupanda jukwaa lenye pazia, lakini mimi niliyesoma nilikuwa mwanafunzi wake. Alizikanga ngoma mwenyewe kwa moto wa majani makavu, akizigonga kwa vidole na kusikiliza, na hakumruhusu kijana yeyote aanze kabla yeye hajaridhika. Vinganga, yaani ngoma ndogo, vilipokwisha kushika mwendo, alikuja juu yavyo na ngoma kubwa, na kila mchezaji mwenye masikio alijua kwa pigo moja tu ni lini ageuke, ni lini ashuke, na ni lini amwachie mwenzake uwanja. Aliyetegemea kutazama miguu ya jirani alichelewa, na Babu alimcheka waziwazi. Niliwahi kumwomba anihesabie mapigo ili niyaandike kwenye daftari. Akaniuliza kama na kunyonyesha nako nilijifunza kwa daftari. Vijana wetu wawili wamejifunza sehemu ya mapigo yake. Sehemu nyingine ameondoka nayo.

Msiba huo umenirudisha nyuma niitazame njia niliyopita. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge la Jamhuri changa, alisikitika kwamba vijana waliosoma walijua rumba na chachacha huku wengi hawajapata hata kusikia gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama, akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kutokana na wazo hilo kikaja kikundi cha ngoma cha Taifa, na kilipovunjwa, baadhi ya wasanii wake wakawa walimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Mimi ni zao la hotuba ile, ingawa nilizaliwa mbali na Bunge na nikafika Bagamoyo bila kumjua mtu.

Huko nilikutana na nchi nzima. Tulishika majembe tukacheza bugobogobo ya Wasukuma, tukahamia lizombe ya Wangoni, msewe wa Visiwani, na mganda wa watu wa Ziwa Nyasa, ambao ndani yake bado unaliona gwaride la askari wa kikoloni. Tulitakiwa tuweze kupiga tunachokicheza na kucheza tunachokipiga, na juu ya hayo kulikuwa na sarakasi, maigizo na kazi za jukwaa. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, ni miongoni mwa waliokipa chuo kile sifa yake. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003, na ndiyo maana katika siku hizi za kati ya Noeli na Mwaka Mpya wengi wetu tuliopita Bagamoyo tunaikumbuka sauti yake na ilimba yake, ala ile ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba. Kilichonichekesha wakati ule, mimi mtoto wa mama wa Newala, ni kusahihishwa sindimba, ngoma yetu ya Wamakonde, na mtu ambaye hajapata kuvuka Rufiji. Baadaye nilielewa kwamba kwa kipimo chake alikuwa sahihi: alifundisha sindimba ya jukwaani, inayojipanga mistari na kuwaelekea watazamaji, inayoanza na kwisha kabla mgeni rasmi hajachoka.

Dar es Salaam kazi ilikuwepo. Miaka hiyo vikundi vya sanaa, Muungano ya Norbert Chenga ikiwa mojawapo ya vilivyovuma, vilijaza kumbi za baa mwishoni mwa juma kwa onyesho moja lenye ngoma, sarakasi, vichekesho na muziki. Nilichezea zaidi ya kikundi kimoja, na majina ya nilikochezea nitayaacha. Sindimba ndiyo iliyodaiwa kila usiku, na kila mwenye kikundi aliitaka iwe fupi zaidi na kiuno kiwe kingi zaidi. Ngoma ambayo kwetu ilihusu kukua kwa mtu, iliyokuwa na mahali pake na wakati wake na watu wake wa kuiongoza, ikawa kitu cha kuwachangamsha wanywaji kabla ya vichekesho. Sisemi haya ili nijitoe. Noti nilizobandikwa usoni zilisomesha wadogo zangu. Kisha katika miaka ya 1990 taarabu ya kisasa na mipasho yake ikalitwaa jukwaa, Muungano na kikundi cha Tanzania One Theatre (TOT) wakashindana kwa nyimbo za mafumbo, watu wakafurika, na sisi wa ngoma tukabaki kuwa wafungua pazia, hatimaye watu wa kuahidiwa mshahara wiki ijayo. Mwenye kikundi mmoja alifunga geti na ngoma zikiwa ndani, nasi tukiwa nje. Mwaka 2002 ukumbi wa maonyesho wa chuo pale Bagamoyo uliteketea kwa moto, na ingawa baadaye ulijengwa mwingine, mimi nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo.

Nilirudi Masasi nikiwa na cheti, goti bovu na jina lisilo zuri. Kina mama waliniuliza kwa adabu, kila mmoja kwa njia yake, kama ninakusudia kuwafundisha mabinti zao yale niliyoyafanya baa. Babu hakuuliza. Alikuja jioni na ngoma yake, akawasha moto, akaniambia nicheze sindimba. Nilicheza yote niliyoijua, nikamaliza kwa pozi kama tulivyozoea kumaliza jukwaani, na yeye akaendelea kupiga. Nilibaki nimesimama katikati ya uwanja kwa aibu, kisha nikaanza upya, na kabla hakujakucha nilikuwa nimefahamu kwamba cheti changu kilikuwa cha utangulizi tu.

Tangu hapo tumefundisha pamoja, chini ya mikorosho ya shule, kwa namna ambayo wazazi wengi mmeilalamikia kuwa ya polepole. Mtoto huanza kwa kukaa na kusikiliza. Baadaye hupewa mguu, kisha bega, na kiuno ni cha mwisho, kwa sababu kiuno kisichojua ngoma inasema nini ni tamasha la baa hata kikichezwa na mtoto wa darasa la tano. Wimbo hauimbwi mpaka bibi mmoja wa mtaani aje aseme unaimbwa wapi na hauimbwi wapi, na zipo nyimbo ambazo mabibi wamezikataa kabisa zisitoke nje ya unyago, nasi tumetii. Watoto hawa wamekwenda UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, katika fani za ndani, wamecheza kwenye mbio za Mwenge, wamesimama juani kuwasubiri wageni waliochelewa na kulipwa kwa soda moja na makofi. Nalitaja hili la soda bila kumlenga mtu, ila wanaoandaa mapokezi wanajijua.

Sasa niseme lile ambalo si kawaida ya salamu. Tangu tumzike Babu, sijafundisha sindimba. Mmeona tukifanya mganda, mmeona tukifanya lizombe, na wazazi waliponiuliza nikawaambia goti linauma. Si goti. Kila nikisimama mbele ya watoto na vijana wakaanza kupiga, nasikia mahali ambapo pigo lake lingeingia, nalo haliingii, na mwili wangu hauna pa kugeukia. Nimewachezea watu wa kila namna katika maisha yangu, walevi, mabalozi na mawaziri, na sikuwahi kuogopa uwanja. Mwaka huu nimeuogopa.

Kwa hiyo yaliyobaki nayasema nikiwa na haki ya mfiwa, mnivumilie. Enyi wazazi, mnapoandaa sherehe mnakodi spika kubwa kwa fedha nyingi na kumlipa kijana wa muziki kabla hajafunga waya, lakini mpiga ngoma mnampa sahani ya wali na ahadi. Mlipeni mpiga ngoma. Mlipeni akiwa hai, kwa sababu rambirambi zilizomwagika kwa Babu zingemnunulia dawa za miezi mingi. Enyi wenye kumbi, msiwachukue mabinti wetu wadogo kwenda kukata viuno mbele ya walevi kisha mkasema mnaendeleza utamaduni. Niliupitia utamaduni huo na najua unaishia wapi. Enyi mnaowapeleka watoto jandoni, ni vyema kazi ya kisu mkaiacha kwa daktari, lakini msifikiri daktari atawafundisha nyimbo pia. Msiitoe mila yote mlangoni kwa sababu tu sehemu yake moja imehamia hospitali.

Na ninyi wahubiri mnaosema kwamba ngoma ni ya shetani, kumbukeni mnahubiri katika mji gani. Askofu Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakuivunja jando ya wazee wetu. Yeye pamoja na mapadri wazalendo waliiingiza katika maisha ya Kanisa, wakaiwekea sala na mafundisho, na ingawa tunaweza kubishana juu ya walichokiondoa, hakuna anayeweza kusema kwamba walidharau walichokikuta. Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, na Maandiko hayamlaumu Daudi aliyecheza bali mkewe Mikali aliyemchungulia dirishani akamdharau moyoni. Zaburi ya mwisho inatuagiza tumsifu Mungu kwa matari na kucheza. Mtu asiniambie basi kwamba mwili aliouumba Mungu, na ambao yeye mwenyewe aliuvaa usiku wa Noeli, unafaa kwa kulima, kuugua na kuzikwa tu, ila si kwa kumchezea yeye aliyeufanya. Kizazi kinachoona aibu kucheza cha kwao hakitaacha kucheza; kitacheza cha wengine, na kitalipia kiingilio.

Mazoezi yataanza tena Jumamosi ya pili ya Januari, saa tisa alasiri, palepale chini ya mikorosho. Tutaanza na sindimba. Vijana wawili watapiga walichojifunza, nami nimewaomba mabibi wote wanaokumbuka mapigo ya zamani waje wakae karibu na moto na wakatize panapokosewa, hata ikibidi mazoezi yaishe bila mtu kucheza. Kila mtoto aje na kanga ya kibwebwe na kikombe chake cha maji. Ada itabaki ileile ya mwaka huu, na mzazi ambaye fedha yake ya korosho haijatoka asimzuie mtoto nyumbani, aje tuzungumze.

Nawatakia Noeli yenye heri, mvua za kiasi, na Mwaka Mpya wa afya, amani na baraka tele. Walioko safarini Mungu awafikishe salama, wagonjwa awape nafuu, wafiwa awafariji, na marehemu wetu wote awapumzishe mahali pema peponi. Amina.

Mwalimu wenu wa ngoma,
Masasi