Kasino ya melini na ziwa letu

Mhariri,

Jioni moja mwaloni Kirumba niliwasikia vijana wawili, mikeka ya kubeti mkononi, wakisema kwamba meli ya kasino ikielea mbele ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, ingetuletea watalii. Naomba nafasi niwasimulie ilikotoka.

Karne ya 19, katika mto Mississippi nchini Marekani, wacheza karata walizifuata meli za mvuke kwa kuwa abiria wake, wakiwemo wafanyabiashara wa pamba, walikuwa na fedha mfukoni na siku nzima za kukaa bila kazi. Hata hivyo mwaka 1835 wananchi wa Vicksburg, mji wa kando ya mto huo, waliwanyonga wacheza kamari watano. Kasino za melini za sasa zilianzia jimbo la Iowa tarehe 1 Aprili 1991, kwa masharti ya kiungwana: dau lisizidi dola 5, na hasara ya mtu kwa safari isizidi dola 200. Majimbo jirani yalipofungua zao bila vikomo hivyo, Iowa nayo ikaviondoa mwaka 1994.

Mvuto naukiri, kwani taa zikimulika maji usiku hata mimi ningepanda. Ila kwenye kibanda cha kubeti mtu hutoka akichoka, ilhali melini husubiri nahodha atie nanga.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza