Mwanangu, kabla hujaenda Addis Ababa

Mwanangu mpendwa,

Dada yako kanionyesha kwenye simu yale mahubiri yako ya mafuriko. Unazungumza vizuri, nikawaita na majirani wakusikie. Ila uliposema waliosombwa na maji walivuna walichopanda, ukamleta Henoko awe shahidi wako, moyo uliniuma.

Ile nakala ya Kitabu cha Henoko uliyoiacha kabatini nimeisoma. Uovu humo unaanzia kwa malaika, Walinzi 200 walioshuka Mlima Hermoni siku za Yaredi, wakaoa binti za watu. Azazeli akafundisha kufua panga. Majitu waliyozaa yakala jasho la watu, yalipokosa yakawala watu wenyewe. Najua utasema wanadamu nao walipotoka. Ndiyo, walifundishwa. Lakini kilichofika mbinguni ni kilio cha watu wanaokufa. Hapo ndipo Urieli akatumwa kumwonya Nuhu, na Rafaeli akaagizwa aiponye dunia. Aiponye, mwanangu!

Tena fungua sura ya 83. Henoko hajaoa bado, amelala kwa babu yake Mahalaleli, anaota mbingu zinaporomoka na nchi inazama shimoni. Akaamka anapiga kelele. Babu hakumtuma akatangaze nani kastahili. Alimwambia ainuke aombe, wabaki watu duniani, yote yasiangamizwe. Hayo mbona hukuyahubiri?

Safari yako naifurahia. Waethiopia ndio waliokitunza kitabu kizima kwa Kige'ez, lugha yao ya kale. Kule kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, vilipatikana vipande tu vya Kiaramu. Ukifika usijifanye mjuzi mbele ya makasisi wao, kwao hicho ni Biblia. Sikiliza, uliza, andika. Kichwa unacho, tangu zamani. Subira ndiyo hukupenda kujifunza.

Lakini usiondoke kabla hujapita bondeni. Mama aliyepoteza watoto wawili bado yuko kwa shemeji yake. Kaa naye, usimfungulie kitabu. Nakuomba tena, usimwambie mtu aliyefiwa kwamba maji yalitumwa kwa ajili yake.

Koti zito liko kwa shangazi, lichukue, Addis ni baridi. Mfereji wa bati umeng'oka upande wa jikoni, fundi anadai pesa kwanza, na mdogo wako hajalipiwa mtihani. Ukipata chochote, anza na mtihani. Na simu zangu pokea, hata ukiwa kwenye maombi nipigie ukitoka.

Mama yako